Bangili ya Mzee Luhende – Sehemu ya Tisa: Mlio Mzito

Komeo liligonga kwa nje. Ka! Kisha kimya.

Hapo ndipo nilipowaacha Jumapili iliyopita, na najua wapo walionitukana. Tukaneni, lakini mfanye haraka, maana Hosiana hana muda.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili limefungia maandazi, shika haya machache. Mzee Eustace Luhende, mwandishi ambaye vitabu vyake vimesomwa na watoto wa shule nchi nzima, amelala kitandani kwake Shinyanga, kiharusi kimemfunga mdomo. Siku aliyoanguka, bangili ya shaba aliyoachiwa na babu yake ikatoweka mkononi mwake. Ukoo ukakaa kikao, kidole kikamwangukia Hosiana, mjane wa mwanawe marehemu Boaz. Akaambiwa arudi na bangili. Asiporudi nayo aondoke peke yake, na binti yake Mageni abaki.

Sasa Hosiana amesimama ndani ya kibanda cha sonara mmoja aitwaye Adam, hapa Runzewe. Bangili yenyewe iko mezani mbele yake, nyeusi kwa uzee, yenye mdomo uliopasuka kidogo upande mmoja. Na mlango umefungwa kwa nje.

Hosiana alimkazia macho yule sonara. Hakuwa na shaka kwamba ameingizwa mtegoni.

"Mwambie mtu wako afungue."

"Sina mtu, mama."

"Mwambie afungue, nisije nikapiga yowe soko zima likajaa hapa!"

Adam alimpita mbio, akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Akaupiga teke, akarudi nyuma anahema, uso umempauka. Hosiana akaelewa kwamba mtego ni wa wote wawili.

"Hilo komeo nililiweka mwenyewe kuzuia wezi," Adam alisema. "Mama Mageni, umefuatwa."

"Na nani?"

"Vijana wa Wiliam Karasha."

Jina hilo Hosiana alilijua. Anayekwenda kuuza vitenge Nyasubi, Kahama, atakosaje kulijua? Nusu ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya huku, zile ziitwazo makarasha, ni za Wiliam. Wachimbaji humsalimia wakiwa wamevua kofia. Waliomkosea huhama mkoa, na wengine hakuna anayejua walihamia wapi.

"Wiliam Karasha na bangili ya mkwe wangu, wapi na wapi?"

"Ichukue kwanza. Ifiche. Ichukue, mama!"

Hosiana alinyoosha mkono. Akaurudisha.

"Nini tena?"

"Siwezi kuigusa. Ni ya baba mkwe."

Msomaji wa mjini utacheka. Cheka, lakini lishike hili. Katika nyumba ya Mzee Luhende, mke wa mtoto haigusi bangili ile wala haikodolei macho. Kuivua mkononi mwa mzee ni kazi ya mpwa wake peke yake, mtoto wa dada. Kabla ya kila safari huivua, huipaka samli, huirudisha mkononi, na wakishafika nyumbani hufanya vivyo hivyo. Mpwa mwenyewe ni Ignas, dereva wa mzee, ambaye alisimama katikati ya kikao akamnyooshea Hosiana kidole cha kwanza.

Hosiana alifungua ncha ya kanga yake, akaizoa bangili kwa nguo. Bangili ikateleza, ikaanguka sakafuni.

Ting!

Sauti nyembamba, kali, ikajaa kibanda kizima.

Hosiana akakaa chini palepale, machozi yakamtoka. Hakuwahi kuiona bangili ile kwa karibu, lakini masikio yake yaliijua. Tangu aolewe, kila asubuhi akifagia uani aliisikia kupitia dirishani. Mzee anaandika, mkono unafika mwisho wa mstari, bangili inagonga meza. Ting. Mstari mwingine. Ting. Boaz alipokufa, mlio ule ndio uliomwambia kila siku kwamba kumekucha na kazi zinaendelea.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mungu wangu, ndiyo yenyewe."

Akaiokota kwa kanga, akaiangusha tena, safari hii makusudi.

Ting!

"Hapana," alinong'ona.

"Hapana nini, mama? Si umesema ndiyo yenyewe?"

"Siku mzee anaanguka pale barazani, mkono wake ulipiga saruji, na bangili ikapiga. Haikulia hivi. Ililia du! Mlio mzito, kama umedondosha jiwe."

Adam alifumba macho.

"Na si siku ile tu," Hosiana aliendelea, sasa polepole, kana kwamba anaogopa anakoelekea. "Kila akirudi safari za huku, jioni akikaa kuandika ilikuwa hailii. Inaguna tu. Mpaka Ignas aipake samli, ndipo kesho yake inalia vizuri. Mzee mwenyewe alikuwa analalamika. Anasema safari za Runzewe zinanizeesha, nikirudi mkono unakuwa mzito."

"Hakuwa anazeeka," Adam alisema. "Alikuwa amevaa dhahabu."

Nje pikipiki ilipita. Hosiana hakuisikia.

"Sema tena."

"Dhahabu, mama. Mimi ndiye niliyekuwa naimimina." Sonara aliziangalia ncha za vidole vyake vilivyobabuka kwa asidi. "Mzee akija huku kuzungumza na wanafunzi, mchana analala. Ignas anaivua bangili. Mpwa ana ruhusa, nani atamuuliza? Kazi ya kwanza aliniletea nikachukua umbo lake kwenye mchanga. Nikamimina dhahabu ya Wiliam, nikaipaka masizi na mafuta, ukiiona huitofautishi na hii. Mzee anaamka amevalishwa ile, hii ya shaba inarudi mfukoni mwa Ignas. Wakifika nyumbani anazibadilisha kwa kisingizio cha samli. Kwenye vizuizi vya njiani askari wanamuona Mzee Luhende, wanampa shikamoo, wanaomba kupiga naye picha. Nani atamkagua mkono?"

"Na mzee alijua?" Hosiana aliuliza.

"Hakujua. Naapa kwa watoto wangu."

Hasira ilimpanda Hosiana mpaka masikio yakamwuma. Mtu aliyeandika maisha yake yote akiwasema wezi, wamemgeuza gunia la kubebea mali ya wizi! Na wamempitisha barabarani akiwapungia watu mkono uleule.

"Na hii ya shaba imebakije kwako?"

"Safari ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha, mzee yuko kwenye gari analalamika kichwa. Ignas akaharakisha, akaisahau hapa mezani. Kesho yake nasikia mzee kaanguka. Nikasubiri Ignas aifuate, wapi. Kitu cha ukoo wa watu kimelala ndani kwangu, usingizi wangu wote umekwisha. Ndiyo maana nikatuma maneno kwa wauza vitenge wenzako kule Nyasubi, yakufikie."

"Kumbe mzee alianguka amevaa ya dhahabu."

"Ndiyo."

"Na hiyo ya dhahabu iko wapi?"

Komeo likafunguka.

"Na mimi nimekuja kuuliza hilohilo," ilisema sauti mlangoni.

Wiliam Karasha alikuwa mfupi, shati limepigwa pasi, miwani ya kusomea imening'inia kifuani. Ungemkuta shuleni ungemdhania mwalimu mkuu. Nyuma yake vijana wawili walijaza mlango mzima.

"Shikamoo," Hosiana alijikuta anasema.

"Marahaba, mama. Poleni na kuuguza. Dhahabu yangu iko wapi?"

"Sina."

"Usinichoshe. Ignas ameniapia. Mzee alipoanguka, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu. Ukamvua, ukaficha. Nimekuacha utembee Kahama, utembee Ushirombo, nione unaipeleka kwa nani. Umenileta kwa fundi wangu mwenyewe." Alimtupia Adam jicho, na Adam akarudi nyuma mpaka ukutani.

Mnaona alivyo Ignas? Uongo mmoja ameuuza mara mbili. Kwa ukoo, Hosiana ni mwizi wa shaba. Kwa Wiliam, Hosiana ni mwizi wa dhahabu. Na yeye katikati ametulia, mikono safi.

Kijana mmoja akasogea. Hosiana akasimama, kanga ameikumbatia kifuani.

"Baba, wewe kwenu ni wapi?"

"Hapahapa Bukombe. Unataka kuniposa?"

Vijana wakacheka.

"Una wake wa wanao?"

"Ninao wawili."

"Wanaweza kukushika mkono?"

Kicheko kikaisha.

"Nakuuliza, baba. Wanaweza kukushika mkono, wakauvuta, wakakuvua kitu?"

Wiliam aliutazama mkono wake.

"Mzee alianguka mbele yangu," Hosiana alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Mimi hapa, yeye pale. Sikumshika. Niliweka mikono kichwani nikapiga yowe mpaka Ignas akatoka ndani akambeba. Mkwe wangu anagaragara chini, mate yanamtoka, mimi namwangalia tu, kwa sababu ndivyo nilivyofundwa! Kila nikilala namuona pale chini. Ningekuwa mtu wa kumgusa ningemshika kichwa kisipige saruji. Nisingeshika bangili!"

Wiliam alivua miwani shingoni, akaipangusa kwa shati taratibu.

"Huyu mama hasemi uongo," aliwaambia vijana wake. "Mama, Ignas alimbeba na nani mpaka kwenye gari?"

"Peke yake."

"Na hospitali mkono ulifika mtupu."

"Mtupu."

Wiliam alicheka kidogo kupitia puani. Kicheko hicho Adam alikuwa amekisikia siku za nyuma, akazidi kujibanza ukutani.

"Baba, niruhusu niende," Hosiana alisema. "Hii ya shaba haikusaidii kitu. Mimi nimekuja kutafuta hii tu. Nikiipeleka nyumbani napewa mwanangu."

"Nenda nayo. Sina shida na shaba."

Hosiana hakuamini. Aliifunga bangili kwenye ncha ya kanga, mafundo mawili, akaijaribu kwa meno kama imekaza. Moyo wake ulishafika stendi. Alishajiona anaingia uani Shinyanga, Mageni anakuja mbio na vumbi miguuni, wale waliomsema wanatazama chini. Mimi ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningemalizia hapa, nikampandisha basi.

Simu yake ikaita.

Alikuwa ni Paskalia, dada wa Mzee Luhende, mama yake Ignas. Wiliam akaashiria kwa kidole: pokea, weka sauti ya nje, nasi tusikie.

"Hosiana! Ng'wana wane, mwanangu, rudi nyumbani! Imeonekana!"

"Nini, shangazi?"

"Bangili! Wabeja, Mungu wangu, asante! Ignas ameikuta chini ya kiti cha gari. Ametuletea asubuhi mbele ya watu wote, tumelia hapa. Tumekukosea, mwanangu. Utusamehe."

Hosiana aliishika ile ncha ya kanga yenye fundo. Shaba ilikuwa mle ndani. Aliusikia ugumu wake kupitia nguo.

"Hiyo iliyoonekana iko wapi sasa, shangazi?"

"Si amevalishwa Mageni! Ignas anasema mzee hajiwezi, bora ivaliwe na damu yake. Ilikuwa inampwaya, akaipandisha juu ya kiwiko akaibana kwa koleo. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza. Haitoki hata ukiivuta! Yeye na Ignas wamechukua gari la mzee, ile Noah, wanakufuata hukohuko Runzewe. Mageni hana raha, anasema anataka akuletee mwenyewe. Hawajafika? Wamenipigia sasa hivi wanasema wameshapita Ushirombo."

Kilio kilimtoka Hosiana.

"Hosiana? Unalia? Lia tu, mwanangu, ni furaha."

Wiliam aliichukua simu mkononi mwake kwa upole, akaikata.

"Haji kwako huyo," alisema. "Anakwenda mpakani, akaiuze nje ya nchi. Ameshaona mzee hatembei tena, sasa amepata mkono mwingine wa kubebea. Nani atamkagua mjukuu wa Mzee Luhende? Anajua saa hizi huwa niko machimboni, atapita hapa bila wasiwasi. Lami ni hiihii moja." Akageuka. "Adam, chukua msumeno wako."

"Dhahabu hiyo ni laini, bosi," Adam alisema harakaharaka. "Msumeno wa nini? Koleo inatosha. Naipanua kidogo, inatoka, mtoto hata haumii."

"Nimesema msumeno."

"Wa kukata bangili, bosi?"

Wiliam alimgeuzia mgongo. Alimfungulia Hosiana mlango kama mwenyeji anayemtoa mgeni. "Twende, mama. Ukampokee mwanao."

Walimsimamisha kando ya lami, kwenye tuta la kwanza unapoingia Runzewe, ambapo kila gari hupunguza mwendo litake lisitake. Jua lilikuwa utosini. Wauza mahindi ya kuchoma walikimbilia madirisha ya mabasi kama siku zote, na hakuna aliyejali mwanamke mmoja wa kanga aliyesimama peke yake. Wiliam na vijana wake walikaa nyuma yake, kwenye benchi la fundi viatu. Adam alikaa nao, mfuko wa vifaa mapajani, midomo inamcheza.

"Usikimbie," Wiliam alikuwa amemwambia. "Wewe simama tu. Ignas akiniona mimi atakanyaga mafuta. Mtoto akimwona mama yake, gari litasimama lenyewe."

Tangu atoke Shinyanga, Hosiana alikuwa akiomba jambo moja usiku na mchana: amwone mwanawe. Sasa alisimama pale akaomba mwanawe apite. Ampite mbele ya macho, aende mpakani, aende hata asikokujua, lakini asishuke.

Noah nyeupe ikatokea kwenye mteremko.

Aliijua kwa mbali, kwa kile kioo cha mbele chenye ufa aliouacha Boaz. Ikakaribia. Nyuma ya usukani akamwona Ignas na miwani yake ya jua. Kiti cha nyuma, dirishani, kichwa kidogo chenye nywele zilizosukwa. Alizisuka mwenyewe, siku moja kabla ya kuondoka.

Hosiana aliingia barabarani na kuinua mikono yote miwili. Lakini hakuwasimamisha. Alisukuma hewa mbele kwa nguvu zake zote.

"Nendeni! Ignas, kanyaga! Nenda! Nenda!"

Ignas alimwona. Kisha akaona aliyekuwa anainuka kwenye benchi nyuma yake. Mdomo ukamdondoka. Akakanyaga mafuta, Noah ikanguruma, ikamkwepa Hosiana kidogo tu, upepo wake ukamvuta kanga.

Imepita, Hosiana alijiambia. Mungu mkubwa, imepita!

Mbele ya Noah, lori la ng'ombe lilikuwa juu ya tuta la pili, linapanda kwa kusuasua, na upande wa pili basi linakuja. Ignas hakuwa na pa kupenya. Breki zikalia.

Mlango wa pembeni ukafunguka.

Mageni alishuka na gauni lake la Jumapili. Hakumwangalia Ignas aliyekuwa anamfokea arudi ndani, wala hakumwona Wiliam aliyekuwa anavuka barabara bila haraka, wala Adam anayesukumwa kwa nyuma huku analia. Alimwona mama yake tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko kushuka chini. Juu ya kiwiko, jasho la safari lilikuwa limeosha masizi, na bangili ikawaka njano juani, barabara nzima ikaiona.

"Mama!" alipiga kelele, anakuja mbio, mkono ameuinua juu ili mama aone. "Mama, usilie! Bangili ya babu hii hapa! Nimekuletea!"

"Rudi!" Hosiana alilia. "Mageni, rudi kwenye gari! Rudi!"

Mtoto hakuwahi hata siku moja kuambiwa na mama yake aende mbali naye. Akadhani hajasikika vizuri, akaongeza mbio.